Kugeuza modeli ya vani kuwa pikapu: njia tatu, na vani ipi ikatwe

Mtu akishakuwa na modeli ya plastiki ya vani mezani na wazo la pikapu kichwani, swali linalomjia kwanza ni la msumeno: nikate wapi? Mimi nasema hilo lisubiri. La kwanza ni hili: ukuta wa mgongo wa kabini utatoka wapi? Kwenye boksi la vani ukuta huo haumo. Ukishakata paa nyuma ya milango ya mbele unabaki na tundu lenye upana wa gari zima, na jinsi utakavyoliziba ndiyo itakayoamua kama mtazamaji ataona pikapu au ataona vani iliyokatwa.

Njia za kuifanya kazi hii ni tatu. Ya kwanza ni kubakiza sehemu ya chini ya mbavu za vani ziwe kingo za bodi ya mizigo. Ya pili ni kukata gari wima nyuma ya kabini, kutupa sehemu yote ya nyuma, na kujenga bodi mpya kwa mabamba ya plastiki. Ya tatu ni kuchukua bodi ya modeli nyingine ya pikapu na kuipandikiza.

Mbili za kwanza zina magari ya kweli ya kuigiza, na ni vizuri kuyatazama kabla ya kushika kisu. Volkswagen ilianza kuunda vani yake, Type 2, mwaka 1950, na mwaka 1952 ikatoa pikapu yake: jukwaa bapa, kingo tatu zinazoshuka, mizigo ikikaa juu ya injini. Ford Econoline ilipoingia sokoni kwa mwaka wa modeli 1961, vani na pikapu zilitoka pamoja, na Dodge A100 ikafuata kwa mtindo huohuo. Katika hizo mbili za Marekani ubavu wa kabini unaendelea moja kwa moja hadi taa ya nyuma, bila mwanya. Kwa hiyo Econoline na A100 ndizo njia ya kwanza, na Volkswagen ndiyo njia ya pili. Weka picha za magari hayo kando unapofanya kazi.

Kubakiza mbavu

Hapa unaondoa paa na sehemu ya juu ya mbavu, kuanzia nyuma ya nguzo ya mlango wa mbele hadi mwisho wa gari. Kila kilicho chini ya mstari wa madirisha kinabaki. Madigadi, taa za nyuma, bampa, chasisi na matairi vinakaa palepale kiwanda kilipoviweka, na gari halipotezi umbo lake. Kwa macho yangu, njia hii ndiyo inayotoa pikapu nzuri kuliko zote, kwa sababu ule mstari mmoja unaotoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma ni kitu ambacho ni vigumu sana kukitengeneza kwa mkono.

Tatizo lake kubwa ni ulegevu. Paa ndilo linaloshika ganda la modeli. Likiondoka, mbavu zinafunguka au zinajikunja kwa milimita moja au mbili, na baada ya hapo chasisi haiingii, au inaingia kwa kulazimishwa na kupasua gundi uliyokwisha kuweka. Kwa hiyo kabla hujakata chochote, chukua vile vijiti vya fremu vilivyokuwa vimeshika vipande vya modeli, kata viwili vyenye urefu sawa kabisa na upana wa ndani wa ganda, na uvigundishe kati ya mbavu: kimoja karibu na ekseli ya nyuma, kingine karibu na mlango wa nyuma. Jaribu kwanza chasisi ikiwa ndani, ili usiweke kijiti mahali ambapo sakafu inatakiwa kupita. Acha gundi ikauke usiku kucha. Pima upana wa nje na uuandike. Toyota Hiace ya kizazi cha H200, ile ya kawaida, ina upana wa milimita 1,695, na kwa skeli ya 1/24, yaani kipimo cha kweli kikigawanywa kwa 24, hiyo ni kama milimita 70.6. Upana huo usibadilike mpaka bodi ya mizigo ipate sakafu yake.

Jambo la pili ni unene. Ukingo wa pikapu halisi una ngozi mbili zenye nafasi katikati, na plastiki ya modeli ni ngozi moja nyembamba. Ukiiacha hivyo, bodi inaonekana kama karatasi. Gundisha vipande vya milimita 1.5 upande wa ndani wa ubavu, juu yake weka bamba la milimita 1, kisha funika juu kwa ukanda mwembamba wa nusu milimita. Ukijumlisha na plastiki ya ganda unapata ukingo wa milimita 3.5 hivi, ambao kwa 1/24 ni sentimita 8.4 za gari la kweli. Hapo macho yanaridhika. Usisahau visanduku vya matairi ndani ya bodi, maana tundu la digadi la nje lazima liwe na mwenzake wa ndani.

Halafu kuna mlango wa kuteleza. Vani nyingi zinao ubavuni, na ukikata kwenye mstari wa madirisha unabaki na nusu ya mlango iliyochorwa kwenye ukingo wa bodi, pamoja na mfereji wa reli yake nyuma. Wapo wanaouacha. Mimi sikubaliani nao: mlango usiofunguka kwenda popote unaharibu kazi yote. Pasha joto kijiti cha fremu juu ya mshumaa mpaka kilainike, kivute kiwe uzi, laza uzi huo ndani ya mfereji, upitishe gundi nyepesi, na siku ya pili upige puti na msasa. Puti peke yake kwenye mfereji mrefu husinyaa, na mstari unarudi kujitokeza chini ya rangi.

Kujenga bodi mpya

Anayeogopa puti na mikunjo ya bodi atapenda njia hii. Mkato ni mmoja, wima, kutoka paa hadi chini, na baada ya hapo kila kitu ni mistari iliyonyooka: bamba, rula, kisu. Kosa likitokea unatupa kipande cha bamba, si ganda la modeli.

Lakini usidhani ni kazi ndogo. Vani kama Hiace haina chasisi ya reli kama lori. Bodi na sakafu ni kitu kimoja, na ndani ya boksi utakuta sahani moja ya plastiki yenye michoro ya chini iliyochomoza kidogo tu. Ukishainua bodi ya mizigo na kuacha mwanya nyuma ya kabini, yote hayo yanaonekana. Utahitaji kujenga reli mbili, vipande vya upana wa milimita 3 na kimo cha 5 vinatosha kwa 1/24, mihimili ya kuziunganisha, tangi la mafuta, bomba la moshi na mahali pa tairi la akiba. Ni kazi ya kupendeza kwa anayeipenda, ila inachukua muda mrefu kuliko bodi yenyewe.

Kuhusu mbao za sakafu, nimeona watu wakitumia mbao za kweli. Kwa skeli hii nyuzi za mbao ni nene mno; ubao wa sentimita 10 unageuka kuwa mshipa mmoja mkubwa. Bamba la plastiki lililochorwa mistari kwa ncha ya kisu na kuburutwa msasa mkali kufuata urefu wa ubao linafanana zaidi na mbao kuliko mbao.

Njia hii ina zawadi ambayo nyingine hazina. Ukishakuwa na jukwaa bapa unaweza kulivisha chochote: kingo za kushuka, tenga la mifugo, au ile bodi ya mbao yenye paa na mabenchi mawili yanayotazamana, kama daladala za zamani za Zanzibar. Kwa msomaji wa pwani hii ya mwisho ndiyo ningeipendekeza kabla ya pikapu yoyote ya Marekani. Picha zake zipo tele, vipimo unaweza kuvichukua mwenyewe kwa futi kamba mahali ambapo gari limebaki, na hakuna boksi dukani litakalokupa.

Kupandikiza bodi ya pikapu nyingine

Kwa maneno hii ndiyo rahisi: modeli mbili, kabini kutoka huku, bodi kutoka kule. Bodi inakuja ikiwa na ngozi mbili, visanduku vya matairi, mlango wa nyuma wa kushusha, hata maandishi ya kampuni. Gharama ni kununua maboksi mawili na kubaki na kabini ya pikapu isiyo na kazi.

Mtego wake ni skeli. Kati ya watengenezaji wa modeli wa Marekani, AMT na MPC walitoa vani na pikapu zao nyingi kwa 1/25, Monogram wakapendelea 1/24, na Wajapani karibu wote ni 1/24. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye rula. Gari lenye upana wa mita 2 ni milimita 80 kwa 1/25 na milimita 83.3 kwa 1/24. Hizo milimita 3.3 hazifichiki kwa puti. Bodi itakuwa imetokeza nje ya kabini kila upande kama milimita moja na nusu. Soma skeli kwenye ubavu wa boksi, na hata baada ya kusoma, pima.

Kitu cha pili ni umbali kati ya ekseli. Chevrolet Van za kizazi kilichoanza 1971 zilikuwa na umbali wa inchi 110 au 125, ambazo kwa 1/25 ni karibu milimita 112 na 127. Pikapu ya Chevrolet C-10 ya kuanzia 1973 yenye bodi fupi ina inchi 117.5, yaani milimita 119. Hazilingani. Kwa hiyo bodi ipangwe kwa kufuata tundu la gurudumu, si mgongo wa kabini: katikati ya tundu ikae juu ya katikati ya ekseli ya nyuma ya vani, kisha ukate au uongeze upande wa mbele wa bodi. Anayeanza na mgongo wa kabini anaishia na tairi lililosogea ndani ya digadi, na kasoro hiyo huonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Mgongo wa kabini

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako, njia yoyote utakayochagua.

Wengi hukata kipande cha bamba bapa, wakatoboa dirisha, wakakigundisha. Kinafanya kazi, lakini pembe ya paa inakuwa kali, na kabini halisi hazina pembe kali hapo. Zote zina mviringo mdogo paa linapoanza kushuka. Ukiamua kujenga kwa bamba, tumia bamba la milimita 1 na ndani ya pembe uweke kipande cha mraba cha milimita 3, ili uweze kusaga nje kwa msasa mpaka mviringo utokee bila kutoboka. Tengeneza kwanza kiolezo cha karatasi ngumu, kwa sababu mbavu za vani huinama kuelekea ndani zinapopanda, na mstatili hautaingia.

Chaguo jingine, na ndilo ninalolipenda, ni kutumia mgongo wa vani yenyewe. Kata paa mara mbili: mkato mmoja nyuma ya nguzo ya mlango wa mbele, mwingine sentimita moja na nusu kabla ya mwisho wa gari. Kile kipande cha nyuma, chenye ukingo wa paa, pembe zake mbili za mviringo na sehemu ya juu ya ukuta wa nyuma pamoja na dirisha, kisogeze mbele mpaka kigusane na kabini. Mviringo wa kiwanda umehama pamoja nacho. Kazi iliyobaki ni mshono mmoja kwenye paa na miwili midogo kwenye nguzo, na upande wa ndani wa kila mshono unawekewa ukanda wa bamba wa kuushika.

Inawezekana tu kama upana wa paa mbele na nyuma unakaribiana. Pima mahali pote pawili kabla ya kukata. Tofauti ikiwa chini ya milimita moja, msasa utaimaliza. Ikizidi, kipande kipasuliwe katikati na kuongezwa ukanda, au urudi kwenye bamba.

Kioo cha dirisha la nyuma kinaweza kukatwa kutoka jalada la CD, ambalo ni polistirini angavu, plastiki ya aina ileile ya modeli, na linashikwa na gundi ileile ya modeli, ila ni rahisi kupasuka, kwa hiyo likwaruze taratibu mara nyingi badala ya kulikandamiza. Plastiki za pakiti za betri na miswaki ni laini zaidi kukata, lakini gundi ya modeli haizishiki. Zinataka gundi nyeupe.

Vani ipi

Kama huna vani bado, haya ndiyo maoni yangu.

Hiace H200 ya kampuni ya Kijapani ya Aoshima, skeli ya 1/24, ndiyo ningempa mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza. Gari ni sanduku: mbavu zake karibu zimenyooka, paa halibadiliki sana upana, mgongo umesimama. Yote hayo yanarahisisha kusogeza ukuta wa nyuma. Usukani uko kulia kama wa magari ya kwetu, na sura yake kila aliyepanda kipanya au matatu anaijua. Toyota ilitoa Hiace kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na vizazi vya mwanzo vilikuwa na pikapu ya kiwandani. Hiki kilichoanza 2004 tumekizoea kwa vani na mabasi madogo, kwa hiyo pikapu yake ni ya kubuni mwenyewe na hakuna atakayekuambia umekosea taa. Kitu cha kufikiria ni urefu. Kwa kuwa kabini imekaa juu ya ekseli ya mbele, ukikata nyuma ya mlango wa kwanza bodi ya mizigo inakuwa zaidi ya nusu ya gari, na pikapu inafanana na lori dogo. Ukitaka isimame vizuri zaidi, bakiza safu ya pili ya viti na ukate nyuma ya mlango wa kuteleza. Hapo mlango huo unabaki mzima na ile kazi ya kuziba mifereji inapungua sana.

Volkswagen T1, yaani kizazi cha kwanza cha ile Type 2, inavutia moyo, lakini ni ngumu. Umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,400, yaani sentimita 10 kamili kwa 1/24, na gari lote lina mviringo kila pembe. Zaidi ya hapo injini iko nyuma, hivyo sakafu ya bodi haiwezi kushuka. Lazima ipite juu ya injini, kama ilivyo kwenye pikapu ya kweli, ambayo chini ya jukwaa lake ina chumba cha kufungia mizigo chenye mlango wa ubavuni. Njia ya kwanza hapa haina maana. Jenga bodi mpya ya jukwaa, na ukiwa na uwezo wa kuchagua boksi, chukua ile ya vani ya mizigo yenye mbavu zisizo na madirisha. Samba, ile T1 ya abiria yenye madirisha hadi kwenye kingo za paa, ni dhambi kuikata, na pia ni kazi ya bure, kwa sababu kila dirisha ni tundu la kuziba.

Vani kubwa za Marekani za miaka ya 1970, Chevrolet, Ford na Dodge za AMT na MPC, zinafaa kupandikizwa. Zina pua mbele, upana wake unakaribia wa pikapu za wakati huo, na bodi za kuchukua zipo. Anayetaka tu pikapu ya A100 asikate kitu: kampuni ya modeli ya Lindberg ilitoa Little Red Wagon kwa 1/25, ile A100 maarufu ya mashindano yenye injini kubwa ya Hemi nyuma ya kabini.

Kukata, kuziba, kupaka

Msumeno mwembamba wa modeli ni mzuri kwenye nguzo na pembe. Kwenye paa tumia mgongo wa kisu: weka mkanda mgumu kama mwongozo, vuta taratibu mara nyingi mpaka plastiki iachie yenyewe. Mkato hauendi kombo. Popote unapokata, bakiza milimita moja nje ya mstari na uimalize kwa msasa.

Puti ya modeli inafaa mikwaruzo tu. Kwa mishono mikubwa, puti ya magari ya kuchanganya na dawa, ile inayouzwa kila duka la vifaa vya bodi, inafanya kazi vizuri kwenye polistirini ikipakwa nyembamba, na haisinyai kama ile ya kopo moja. Gundi ya papo kwa papo nayo inaziba vizuri, mradi uisugue siku hiyohiyo. Ikilala inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa unachimba pembeni yake.

Rangi ya gari iliyochanganywa dukani inaweza kula plastiki. Pulizia kwanza kwenye kijiti cha fremu, kisha kwenye ganda upulize praima kwa tabaka nyembamba, ukiacha kila moja ikauke. Praima ya kijivu ndiyo itakayokuonyesha mishono iliyobaki, hasa ule wa paa, na mara nyingi itakubidi urudi kwenye puti mara moja zaidi.

Basi, kwa ufupi wa ushauri: mwenye boksi moja, mkono wa kawaida na hamu ya pikapu safi, achukue Hiace, abakize mbavu, akate nyuma ya mlango wa kuteleza na kusogeza mgongo wa vani mbele. Anayependa kupima na kujenga kuliko kuziba na kusugua, ajenge jukwaa, iwe Hiace au Volkswagen. Mwenye maboksi mawili ya Marekani ya skeli moja apandikize. Na ambaye tayari ana Samba kabatini aijenge kama ilivyo, kisha atafute vani nyingine ya kukata.